Zawadi Kubwa na Dhamana Yake

Vijana wa darasa letu wametuuliza khabari za mchezo wa pool, ule wa kusukuma mipira kwa fimbo juu ya meza yenye mifuko sita: je, mwenye kuandaa mashindano makubwa akatangaza zawadi nono, hupata faida gani, na hujitia katika khatari gani?

Jawabu twaliona katika mambo yaliyotokea Marekani. Mwaka 2005 Kevin Trudeau, mfanyabiashara aliyejulikana kwa matangazo marefu ya televisheni, alianzisha mashindano yaitwayo International Pool Tour. Disemba ya mwaka huo, mjini Orlando, Efren Reyes wa Ufilipino alishinda dola 200,000. Julai 2006, huko Las Vegas, Thorsten Hohmann wa Ujerumani akashinda dola 350,000. Septemba ikawa Reno: jumla ya zawadi dola milioni 3, na za mshindi peke yake 500,000. Reyes akamshinda Rodney Morris.

Faida yake haifichiki. Zawadi kama hiyo huwaita mabingwa kutoka pembe zote za dunia bila ya kubembelezwa; mabingwa huwaita watazamaji, na watazamaji huwaita wenye biashara wanaotaka majina yao yaonekane. Lakini tazameni mpango wenyewe. Ukumbi, meza, waamuzi na wapiga picha hudai chao mapema, na mapato huja nyuma, pengine yasije. Mwandalizi aliyetangaza fedha asizokuwa nazo mkononi amecheza yeye kabla ya wachezaji.

Na ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Reno wachezaji hawakulipwa kwa wakati. Fedha zilikuja kwa mafungu, na kwa kuchelewa. Sisi hatumhuzunikii sana bingwa, ambaye jina lake lilikwisha kumtangulia kila mji. Twamfikiria yule wa chini, aliyekopa nauli kwa kutegemea fungu lake dogo. Zawadi iliyotangazwa si hisani. Mwenye kuifikia ameistahiki, nayo ni deni katika dhima ya aliyeitangaza. Basi yapasa fedha ziwekwe amana kwa mtu wa tatu kabla mpira wa kwanza haujapigwa.

Kuna njia nyingine, isiyo na kishindo. Mosconi Cup ilianza mwaka 1994 huko Romford, Uingereza, kwa timu mbili tu, Ulaya na Marekani. Wachezaji wachache, gharama zahesabika tangu mwanzo. Na hadi leo yachezwa.

Ama ada za kuingilia zikikusanywa kwa wachezaji kisha zikafanywa ndizo zawadi, hiyo ni mas'ala ya kamari, nayo ina mlango wake. Tutaisoma peke yake. Hapa tumesema juu ya fedha za mwandalizi. Trudeau hakuandaa tena mashindano makubwa kama yale ya Reno.