Chakula cha Jioni kwa Ndege Ndogo: Panga Kurudi Kwanza

Rubani wa ndege ndogo Marekani akitoka kazini saa kumi na moja jioni, saa moja anaweza kuwa mezani na marafiki katika mji ambao kwa gari angeufikia usiku. Marubani wenyewe huziita safari hizi “baga ya dola mia”, maana gharama ya kuruka huipita mbali bei ya chakula. Kwenda si kazi: mwanga upo na mwili una nguvu. Kazi ni kurudi gizani, umeshiba na umechoka. Basi anza kupanga kurudi.

1. Hakikisha unaruhusiwa kubeba abiria usiku. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inataka uwe umepaa mara tatu na kutua mara tatu hadi kusimama kabisa, ndani ya siku 90 zilizopita. Hayo yahesabiwe kuanzia saa moja baada ya jua kuzama hadi saa moja kabla halijachomoza. Aliyekulia Mombasa amezoea giza linaloshuka upesi. Seattle mwezi Juni mwanga hukawia kweli kweli. Tumia jedwali la machweo, usikadirie kwa macho.

2. Jaza mafuta kabla ya kula. Mchana sheria inadai akiba ya dakika 30 baada ya kufika. Usiku ni dakika 45. Cessna 172 hutumia takriban galoni nane kwa saa, hivyo akiba hiyo ni galoni sita. Uliza mapema kama pampu ya huko inafanya kazi wahudumu wakishaondoka.

3. Jua taa zinavyowashwa. Viwanja vingi visivyo na mnara huachia rubani kazi hiyo: bonyeza kitufe cha kuongelea redioni mara saba ndani ya sekunde tano upate mwanga mkali, mara tatu upate hafifu. Kwa kawaida taa hudumu dakika 15, kwa hiyo bonyeza tena ukikaribia kutua. Soma pia matangazo kwa marubani, usije ukakuta taa ni mbovu.

4. Mezani, kunywa maji au soda. Sheria inataka saa nane zipite tangu kinywaji cha mwisho chenye kileo. Waambie marafiki mapema, wasikuagizie.

5. Kabla ya kuagana, tazama hali ya hewa upya. Joto la hewa likikaribia joto ambalo mvuke hugeuka umande, na upepo umetulia, ukungu uko njiani. Utusitusi nao si wa kubeza. Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa rais wa zamani wa Marekani, alirusha ndege yake kutoka New Jersey saa mbili na dakika 38 usiku kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard. Akiwa juu ya bahari, katika giza na utusitusi, alipotewa na mwelekeo. Ndege ikaanguka, wote watatu waliokuwamo wakafa.

6. Yape macho nafasi. Huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu huharibu yote mara moja. Beba tochi mbili: nyeupe ya kukagua ndege, nyekundu ya kusomea ndani.

7. Ukitua, amini taa kuliko hisia. Juu ya maji au ardhi isiyo na taa, rubani hujiona yuko juu mno, akashuka mapema. Penye taa nne kando ya njia ya kurukia, mbili nyeupe na mbili nyekundu maana yake uko sawa. Zote nyekundu, uko chini mno.

Mwisho, weka mswaki ndani ya begi, na umwambie mwenye ndege kabla hujaondoka kwamba huenda ukairudisha asubuhi. Aliyekwisha kupata ruhusa ya kulala hana haja ya kubishana na ukungu.