Mwarobaini, Bawasiri na Ngozi: Kijitabu cha Kaya

Damu chooni? Pimwa kwanza

Ukienda haja kubwa ukaona damu, usiseme "ni bawasiri" kabla hujapimwa. Watu wanakuja kituo cha afya wakiwa wamekunywa mwarobaini miezi na miezi. Damu inakata, inarudi, inakata tena. Baadhi yao tukiwapima tunakuta saratani ya utumbo mpana, nayo imeshaenea. Mwarobaini haukuwaletea saratani. Umewapotezea muda.

Damu ikikata baada ya dawa, bado pimwa. Saratani nayo hutoa damu leo, kesho ikatulia. Kichocho cha tumbo na kuhara damu ni hivyo hivyo.

Kipimo cha mwanzo ni maswali machache na kidole chenye glavu. Ukiona haya, omba mhudumu wa jinsia yako. Hakuna atakayekucheka.

Mti wenyewe

Asili yake ni Bara Hindi. Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya huko, hutumia majani, magome na mbegu zake kwa ngozi na bawasiri tangu zamani. Hatumkatazi mtu kuupanda wala kuogea maji yake.

Ngozi

Chemsha majani, yapoe, chuja, ogea. Jaribu kwanza kwenye mkono, usubiri siku moja. Ukiwashwa au ukivimba, acha. Usiweke machoni wala kwenye kidonda kibichi.

Upele unaowasha zaidi usiku ni wa nyumba nzima. Chukueni dawa kituoni, mpake wote siku moja, mfue nguo na mashuka. Akitibiwa mmoja tu, wenzake watamwambukiza tena.

Baka lisilo na hisia ukiligusa huenda ni ukoma. Usilipake kitu. Nenda kituoni, dawa yake ni bure.

Mjamzito

Asinywe mwarobaini, unaweza kuharibu mimba.

Mtoto

Usimnyweshe mtoto mafuta ya mwarobaini, hata kijiko kimoja cha chai. Nchini Malaysia watoto wachanga walionyweshwa mafuta haya walitapika, wakalegea, wakapumua mbiombio na kupata degedege. Wapo waliokufa. Chupa iwekwe juu, mbali na mafuta ya kupikia.

Dawa za pakiti

"Ya asili" haina maana ya salama. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti: karibu moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Muuzaji anayeahidi kumaliza bawasiri kwa siku tatu, mpite. Mwenye kisukari asichanganye mwarobaini na vidonge vyake bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka mno. Na usipachike unga, mafuta wala majani yoyote kwenye njia ya haja kubwa.

Ukishapimwa, ikawa kweli ni bawasiri

Kunywa maji. Kula mboga za majani, matunda, maharage, ugali wa dona. Usijikamue chooni, na simu iache nje. Kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, hasa baada ya choo. Bawasiri nyingi hutulia kwa hayo tu, bila mwarobaini.

Damu ikirudi, rudi upimwe. Usirudi kwenye mti.

Usingoje asubuhi

Damu nyingi, kizunguzungu, choo cheusi kama lami, au kinyama kilichotoka kikagoma kurudi na kuuma sana: nenda hospitali usiku huo huo.