Mwanamke Abebaye Mimba ya Mwingine

Nyumba isiyo na mtoto ina huzuni kubwa. Katika Kasenga, kama katika vijiji vingi vya pwani ya Tanganyika, mke asiyezaa husemwa na mawifi, na pengine hurudishwa kwao. Kwa hiyo tangu zamani watu wametafuta njia. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, chasimulia kwamba Sara, akiwa tasa, alimpa Abrahamu mjakazi wake Hagari apate kumzalia mtoto. Kitabu hakisemi kwamba Hagari aliulizwa. Alipopata mimba, ugomvi uliingia nyumbani, naye akakimbilia jangwani.

Mwaka 1978, huko Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo la mama. Kwa ufundi huo waganga huunganisha yai la mke na mbegu ya mume, na mimba changa yaweza kuwekwa katika tumbo la mwanamke mwingine. Huyo huitwa mama mbadala. Akiisha kuzaa, humtoa mtoto kwa wale waliomwagiza.

Swali: Mama mbadala huchaguliwaje?

Jibu: Kwanza, awe mtu mzima, kwa kawaida wa miaka 21 hata 45. Pili, awe amekwisha kuzaa salama. Tatu, damu yake ipimwe ukimwi, kaswende na homa ya ini. Nne, moyo wake uwe mtulivu, naye akubali kwa hiari. Lakini mwenye njaa akiahidiwa fedha, ni nani awezaye kuipima hiari yake?

Swali: Je, sheria huwalinda sikuzote?

Jibu: La. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua shauri la mapacha waliozaliwa na mama mbadala. Hospitali haikujua liandikwe jina la mama yupi. Watoto wakapelekwa katika nyumba ya watoto, ijapokuwa wanawake wale hawakugombana. Hakimu aliamua kwamba haki zao zilivunjwa.

Swali: Kanisa lafundisha nini?

Jibu: Tangu mwaka 1987 Kanisa limekataza desturi hiyo. Tarehe 8 Januari 2024 Baba Mtakatifu Fransisko aliomba ikomeshwe duniani pote, kwa sababu mtoto ni zawadi, si kitu cha mapatano ya biashara, wala umaskini wa mama usifanywe chumo.

Swali: Mtoto aliyezaliwa hivyo ana kosa?

Jibu: Hana kosa lolote. Aweza kubatizwa, ikiwa kuna tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani.

Basi katekumeni na ashike haya. Utasa waweza kutoka kwa mume vilevile. Waende hospitali wote wawili. Ndoa isiyo na mtoto ni ndoa kamili, wala mke asifukuzwe. Na yatima wa jirani angali anangoja mlangoni.