Nyuzi za Sauti

Mchungaji wa ng'ombe katika vilima vya Murungu, nchi ya Buha, humwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde, naye husikia akaitika. Sauti ile yatoka wapi? Wengi hudhani ya kuwa ni kazi ya ulimi. Lakini ulimi, meno na midomo huifanya sauti iwe maneno tu. Yenyewe huzaliwa kooni.

Mbele ya shingo pana kitu kigumu kipandacho na kushuka mtu amezapo mate. Hicho ni zoloto, kikasha cha gegedu. Ndani yake mna mikunjo miwili ya nyama laini, nayo huitwa nyuzi za sauti, ingawa si nyuzi kama za zeze: kila mkunjo umeshikamana na ukuta wa zoloto, na ukingo wake tu ndio ulio huru. Mtu avutapo pumzi, mikunjo huachana, na hewa hupita kimya. Atakapo kusema, hukaribiana. Ndipo pumzi itokayo mapafuni, mfano wa hewa ya mivukuto ya mhunzi, hujipenyeza kati yake na kuitikisa upesi mno. Kwa mwanamume hutikisika mara 100 na zaidi katika sekunde moja, kwa mwanamke yapata mara 200. Mwanafunzi akigusa koo na kutamka z, atausikia mtikiso kwa vidole. Akitamka s, hausikii.

Nyuzi zikikazwa, sauti hupanda, zikilegezwa, hushuka. Waha hulitumia jambo hili kila siku, kwa maana katika Kiha maneno mawili yenye herufi zile zile huweza kutofautiana maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu.

Mwalimu wa uimbaji, Manuel García wa Hispania, alitamani sana kuziona nyuzi hizo zikifanya kazi. Mwaka 1854, huko Paris, alitia kinywani kioo kidogo cha daktari wa meno, akakimulikia jua kwa kioo cha pili, akaziona zake mwenyewe zikifunguka na kufungana.

Mvulana abalehepo, nyuzi zake hurefuka na kunenepa, na sauti humkatikia katikati ya wimbo. Wenzake humcheka bure, si ugonjwa. Lakini mtu aliyekaukiwa na sauti kwa zaidi ya majuma matatu yampasa kwenda hospitali. Huko huenda akatazamwa koo kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu, mfano wa kile cha García.