Nyirinyiri ya Bulla Pesa: Mkebe Mmoja Unakugharimu Pesa Ngapi?

Unauza vizuri lakini salio kwa simu ni dogo? Usifunge biashara bado. Tupige hesabu pamoja.

Tuchukue mfano wa mama anayetengeneza nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa mafuta, hapa Bulla Pesa, Isiolo. Wiki yake iko hivi:

1. Malighafi (nyama, mafuta, viungo): alianza na ya sh. 1,200, akanunua ya 15,000, ikabaki ya 1,800. Iliyotumika ni 14,400.
2. Malipo ya msaidizi: 2,000.
3. Makaa na mikebe: 1,600.

Gharama ya kutengeneza ni 18,000. Ametoa mikebe 40, kwa hivyo kila mkebe ni 450.

Sasa gharama ya bidhaa zilizouzwa. Alianza wiki na mikebe 4 (1,800). Jumlisha 18,000, kisha toa mikebe 10 iliyobaki (4,500). Jibu ni 15,300, yaani mikebe 34.

Akiuza kwa 600, mauzo ni 20,400 na faida ghafi ni 5,100. Mbona basi kwa simu imebaki 1,800 tu? Haijapotea: 3,300 imelala stoo.

Nauli ya mzigo wa Nairobi na ada za kutuma pesa zitoe kwa hiyo 5,100. Na mteja akitaka mkebe kwa 440, jua unamwongezea pesa yako.

Lipia nyama na msaidizi kwa simu. Kila Jumamosi, hesabu stoo, kisha fungua taarifa ya miamala yako: risiti zote ziko hapo.