Haidrojeni Safi na Gunia la Mbolea

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mwezi wa Septemba 2023, nchi za Afrika zilipokutana Nairobi kuzungumza juu ya hali ya hewa, Serikali ya Kenya ilitoa mpango wake wa haidrojeni safi. Wengi wetu tulipolisikia neno hilo tulidhani ni habari za motokaa za Ulaya. Lakini shabaha ya kwanza ya mpango huo si motokaa, ni mbolea. Mbolea ya chumvichumvi tunayotia mashambani hutoka ng'ambo karibu yote, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000. Nyumbani kwetu tulitia nusu ya shamba, na nusu ile nyingine ikatupa magunzi. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu, na yafaa tulijue vizuri pamoja na hatari zake.

Tangu Kidato cha Kwanza tumefundishwa kwamba kijiti kinachowaka kikiletwa kwenye mdomo wa neli yenye haidrojeni, husikika mlio mdogo wa "pop". Haidrojeni hiyo ikichanganywa na naitrojeni ya hewani, kwa moto mkali na mgandamizo mkubwa, tunapata amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea za naitrojeni. Mwaka 2023 dunia ilitengeneza tani milioni 97 hivi za haidrojeni, nayo karibu yote ilitokana na gesi ya ardhini, makaa ya mawe na mafuta, kazi ambayo hutoa moshi mwingi wa kaboni. Iliyotengenezwa kwa njia safi haikufika hata sehemu moja katika mia. Njia safi ni kuyapasua maji kwa umeme usiotokana na kuchoma kitu, kama ule wa mvuke wa Olkaria, wa upepo, wa jua au wa mito.

Basi na tupige hesabu. Kilo moja ya haidrojeni hutaka umeme kiasi cha kilowati-saa 50, na maji lita 9 yaingiayo katika kazi yenyewe, mbali na yale yanayopotea katika kusafisha na kupoza. Mpango wa Kenya unataja mitambo ya megawati 100 kwa miaka ya kwanza. Mitambo hiyo ikienda mchana na usiku itatoa kilo 2,000 kwa saa, yaani tani 48 kwa siku, na itakunywa maji lita 432,000 kila siku. Tani 48 za haidrojeni hutoa amonia tani 272, na kwa mwaka mzima ni karibu tani 99,000. Mtu akiitazama hesabu hii upande wa mbolea atafurahi, lakini akiitazama upande wa maji na umeme atauliza maswali.

Swali la umeme ndilo zito kuliko yote, nami nitalikalia kidogo. Hesabu yangu imechukua kwamba mitambo haisimami. Lakini tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote ilikaa gizani kwa saa nyingi, na jioni kila nyumba hutaka taa na kila kiwanda hutaka nguvu. Wako wasemao, tutumie umeme wa usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, kwa maana wakati huo mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani. Shauri hili ni zuri, ila lina bei yake. Mitambo inayofanya kazi saa 8 katika 24 hutoa theluthi tu ya mbolea, na mkopo ulionunua mitambo hiyo haungoji theluthi. Hulipwa wote.

Jambo hili si la kubuni. Huko Kwekwe, nchini Zimbabwe, kiwanda cha mbolea kilianza kuyapasua maji kwa umeme katika miaka ya 1970, na kwa miaka mingi kilikuwa mfano mzuri Afrika. Mwaka 2015 kazi hiyo ikakoma. Umeme ulikuwa haba na ghali, taifa likauhitaji kwa mambo mengine, na kiwanda kikabaki kununua amonia kutoka Afrika Kusini. Kwa maoni yangu, Kenya yafaa isome habari za Kwekwe kabla ya kusoma habari za Ulaya.

Hatari ya pili ni mnunuzi. Nchi nyingi zimejipangia kuuza haidrojeni kwa watu wa mbali ambao bado hawajatia sahihi. Kampuni ya Fortescue ya Australia, ambayo mwaka 2022 ilipatana na Kenya habari za kiwanda cha mbolea karibu na Naivasha, ilikuwa imejiwekea lengo la tani milioni 15 za haidrojeni kwa mwaka ifikapo 2030. Julai 2024 ilitangaza kwamba lengo hilo halitafikiwa wakati huo. Ikiwa tajiri kama huyo hupunguza mwendo, nchi iliyokopa ili kumjengea barabara na bandari itabaki na deni. Ndiyo sababu naona ni busara kuanza na mbolea: mnunuzi wake ni mkulima wa Kitale na wa Kirinyaga, naye yuko hapa hapa. Hata hivyo mkulima hatanunua kwa uzalendo. Mbolea yetu ikizidi bei ya ile ya melini, atachukua ya melini.

Sasa tuje kwenye hatari ya moto na sumu. Haidrojeni huwaka ikiwa katika hewa kwa kiasi cha sehemu 4 hadi 75 katika mia, na cheche ndogo kabisa huiwasha. Mwali wake hauonekani vizuri mchana. Tena hupenya penye tundu dogo sana, na aina nyingine za chuma huzifanya zivunjike kama kaukau. Lakini ina wema mmoja: ni nyepesi mno, hupaa upesi. Gesi ya kupikia hulala sakafuni, haidrojeni hukimbilia darini; kwa hiyo nyumba ya mitambo hiyo yatakiwa iwe wazi juu. Mwezi wa Juni 2019, karibu na Oslo, kituo cha kujazia motokaa haidrojeni kililipuka kwa sababu bolti za tangi hazikukazwa sawasawa. Wanorwe ni mafundi hodari na wa siku nyingi katika kazi hii, na bado bolti ziliwaponyoka.

Amonia ni mbaya zaidi, kwa kuwa huua bila moto. Tarehe 24 Machi 1992, mjini Dakar, tangi la amonia katika kiwanda cha karanga lilipasuka. Lilikuwa limewahi kutengenezwa baada ya kupata ufa, na siku hiyo lilijazwa kupita kipimo. Watu 129 walikufa, na zaidi ya elfu moja waliumia. Kiwanda kilikuwa katikati ya kazi na makazi ya watu. Basi mtu akisema kwamba kanuni za umbali, ukaguzi wa matangi na mafunzo ya wazima moto zitafuata baadaye, kiwanda kikisha kujengwa, aonyeshwe Dakar.

Limebaki suala la ardhi. Mwaka 2014 familia za Kimasai zilihamishwa ili kupisha mitambo ya mvuke ya Olkaria, na malalamiko yao juu ya makao mapya yalifika mpaka Benki ya Dunia na benki ya Ulaya iliyokopesha fedha. Maji ya ziwa Naivasha nayo yana wenyewe wengi: wavuvi, mashamba ya maua, mji unaokua, na viboko. Lita 432,000 kwa siku si nyingi zikilinganishwa na zinazotumiwa na mashamba hayo, lakini mfugaji ambaye hakuulizwa hatajua hesabu hiyo; ataona bomba tu likipita karibu na ng'ombe wake wenye kiu. Yafaa aulizwe kabla bomba halijachimbiwa, na jibu lake liandikwe katika mpango pamoja na zile megawati.