Nyumba ya Gilbert Kisiwani Antigua: Injili na Utumwa Chini ya Paa Moja

Makala haya yanashikilia kwamba nyumba ya kihistoria haina budi kusomwa kwa pande mbili: upande wa aliyeimiliki na upande wa waliotumikishwa humo. Mfano mwafaka ni nyumba ya Nathaniel Gilbert, mwanasheria, Spika wa Bunge na mmiliki wa shamba la miwa katika kisiwa cha Antigua, Karibi.

Mnamo mwaka wa 1758, Gilbert akiwa Uingereza, John Wesley, mwasisi wa Umethodisti, alihubiri nyumbani mwake huko Wandsworth. Mwaka uo huo, Wesley aliwabatiza watumwa wake wawili. Aliporejea Antigua mnamo 1759, Gilbert aliwakusanya watumwa nyumbani kwake akawahubiria. Hapo ndipo Umethodisti ulipochipuka katika Karibi. Hata hivyo, baada ya ibada wasikilizaji hao walirejea mashambani wakiwa mali yake vilevile.

Gilbert alifariki mnamo 1774, mwaka ambao Wesley alichapisha kijitabu cha kuupinga utumwa. Kundi halikusambaratika. Lilitunzwa na Mary Alley na Sophia Campbell, wanawake wenye asili ya Kiafrika, hadi John Baxter, fundi wa meli, alipowasili mnamo 1778. Uhuru wa watumwa kisiwani ulipatikana tarehe 1 Agosti 1834.

Hivyo basi, kumtaja Gilbert pekee kuwa mwanzilishi ni kusoma nusu ya matini. Mhakiki anapaswa pia kuuliza ni nani waliobaki kuilinda imani hiyo mwenye nyumba alipozikwa.